Malazi ya Watoto na Chumba cha Ghala

Wengi katika sisi, tukijaliwa kupata fedha kidogo ya kutengeneza nyumba, mkono wetu huanzia sebuleni. Huko ndiko waketiko wageni, ndiko yaonekanako makochi, na ndiko jirani apimiako hali ya mwenye nyumba. Vyumba vya ndani, ambamo watu wa nyumba hiyo hulala siku zote, huachwa vivyo hivyo mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine ukija huja na haja zake. Katika makala haya twataka kueleza habari ya chumba kimoja cha ndani, katika kijiji kilicho kwenye njia itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa, mkoani Lindi: jinsi kilivyotengenezwa kwa shilingi 202,000, na kwa nini kilitangulizwa mbele ya sebule. Jina la mwenye nyumba hatulitaji, kwani malazi ya watu ni sitara yao. Lakini mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika mengine yote, hata yale yasiyompendeza.

Nyumba yenyewe ni kama nyumba nyingi za huko. Kuta zake ni za nguzo za miti na fito za mianzi, zikakandikwa kwa udongo mwekundu. Paa lake zamani lilikuwa la nyasi, na msimu mmoja korosho zilipofanya vizuri likawa la bati. Ndani mna sebule, chumba cha baba na mama, chumba cha watoto, na chumba cha nne kilicho upande wa uani, ambacho kilikuwa ghala. Katika chumba cha watoto walikuwa wakilala wanne: kijana wa miaka 14, binti wa miaka 12, binti wa miaka 10, na mtoto wa kiume wa miaka 8. Binti mkubwa alikuwa Nachingwea mjini kwa shangazi yake akijifunza kushona. Bibi yao mzaa baba anakaa katika kijumba chake hatua chache kutoka uani, lakini chumba chake kimoja ndicho jiko lake pia, na mtoto aliyewahi kulala humo aliamka na macho mekundu kwa moshi.

Ufuta wa mwaka huo ulipokwisha kuuzwa, na madeni yakalipwa, na chakula kikawekwa, mwenye nyumba alibakiwa na shilingi 250,000. Habari ya posa ya binti yake mkubwa ilikuwa imekwisha kuletwa, na wageni walitazamiwa baada ya miezi miwili. Aliona haya kuwaketisha washenga juu ya mikeka. Fundi wa makochi alimtajia shilingi 450,000. Basi akaazimia kuzitoa zote alizo nazo, na 200,000 zilizopungua akazikope katika mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo latosha kueleza riba yake, wala hatuna haja ya kumkumbusha Mwislamu hukumu ya riba.

Mkewe alinyamaza. Aliyesema ni mama yake, na maneno yake tuliyasikia kwa mwana mwenyewe akiyasimulia huku akitazama chini.

"Mwanangu," alisema bibi, "wageni hao watakaa saa mbili watakwenda zao. Wajukuu zangu hawa watalala leo, na kesho, na kesho kutwa. Yule mkubwa sauti yake imekwisha kuvunjika. Na huyu dada yake, mimi nimemkuta alfajiri amelala na ushungi kichwani na khanga mbili mwilini, na joto lote hili. Hujauliza kwa nini?"

"Sasa mama, ghala nitalipeleka wapi?"

"Liko wapi hilo ghala? Mimi humo naona magunia matupu na panya."

Neno la yule bibi lina asili katika dini. Mtume wetu, s.a.w., ametuamrisha tuwafundishe watoto kusali wafikapo miaka 7, tena wafikapo miaka 10 tuwatenge katika malazi. Watu wengi huishika ile sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili, nazo zimo katika hadithi moja. Na katika Sura An-Nur Mwenyezi Mungu amezitaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumbani yawapasa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha, na wakisha baleghe, yawapasa kuomba ruhusa wakati wote. Yafaa tujiulize: mtu ataombaje ruhusa mahali pasipo na mlango? Na binti ataombwaje ruhusa katika chumba ambacho nusu yake ni ya kaka yake?

Wala si dini peke yake. Wazee wa Kimwera, wa Kimakonde na wa Kiyao walikuwa na desturi yao, kwamba mvulana akisha toka jandoni hakurudi tena kulala alipolala dada yake. Alikwenda katika kijumba cha vijana wenzake. Nyumba za bati zilipokuja, zenye vyumba vichache vya bei kubwa, vijumba vile vikapungua, na watoto wakarudi kubanana. Twaona si haki kumlaumu baba wa leo kana kwamba ni mvivu wa dini. Huenda hakufikiri tu, kwani jambo lenyewe humjia pole pole, mwaka baada ya mwaka, na watoto hukua usiku watu wamelala.

Na bibi alisema kweli habari ya ghala. Zamani mkulima wa korosho aliyaweka mazao yake ndani akingoja mnunuzi. Lakini tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze katika korosho mwaka 2007, mkulima huyapeleka kwenye chama cha msingi, nayo huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Na ufuta nao siku hizi hupita njia hiyo. Basi vyumba vingi vilivyojengwa viwe ghala vimebaki vikitunza debe chache za mbaazi, majembe, na vitu ambavyo hakuna akumbukaye kwa nini viliwekwa. Mwenye chumba cha namna hii ana mali asiyoijua. Hana haja ya kujenga msingi wala kununua bati.

Lakini kabla mtoto hajalala katika chumba kilichokuwa ghala, liko jambo ambalo twalitilia mkazo kuliko mengine yote katika makala haya, kwani kosa lake halitengenezeki. Katika wilaya hizi ghala aghalabu huwa na salfa ya unga, ile inayopuliziwa mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, na dawa nyingine za maji za kunyunyizia. Salfa huwasha macho na kifua, tena hushika moto. Itolewe yote, nje kabisa, ikawekwe mahali penye kufuli pasipofikiwa na watoto. Chumba kifagiliwe kwa kitambaa kilicholowa, si kwa ufagio mkavu urushao vumbi. Na tabaka la juu la sakafu ya udongo lichimbwe kiasi cha vidole vinne likatupwe mbali na kisima. Mifuko mitupu ya salfa isifanywe dari wala isijazwe sufi ikawa godoro, ingawa tumeiona ikifanywa hivyo katika nyumba za watu wenye akili zao. Na vile vidonge vya kufukizia nafaka ni hatari zaidi ya yote: vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya sumu, na gesi hiyo imepata kuua watu waliolala karibu na magunia yaliyofukizwa. Nyumba ilalayo watu isiwe na vidonge hivyo hata katika chumba cha pili. Mahindi na mbaazi za kula zaweza kuhifadhiwa katika mifuko ile isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa. Mwenye nyumba yetu alinunua miwili siku za nyuma, naye aliipanga penye pembe ya sebule.

Baada ya hayo walitazama udongo. Mji wa Nachingwea una historia yake katika jambo hili la kutazama udongo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya mahali palipochaguliwa. Miti iling'olewa kwa matingatinga, reli ikajengwa, na ilipofika mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kuteketea zaidi ya paundi milioni 30. Na moja ya sababu zake ni kwamba ardhi na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Mtu mwenye shilingi 250,000 hana ruhusa ya kukosea namna hiyo.

Uchunguzi wa udongo wa kusiriba ni kazi ya siku nne, wala haugharimu kitu. Twaa udongo wa kichuguu, ambao hushikamana kuliko udongo mwingine, na mchanga safi wa mtoni. Changanya kiasi sawa kwa sawa katika karai moja. Katika jingine weka mchanga mara mbili ya udongo. Katika la tatu mara tatu. Tia majani makavu yaliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, lowesha, ukande kwa miguu, ukaache usiku mmoja. Kisha paka ukutani viraka vitatu, kila kimoja upana wa sinia, uvitie alama, uviache vikauke. Kirakacho chenye nyufa kina udongo mwingi mno. Kile kibandukacho kwa kukwaruzwa na kucha kina mchanga mwingi mno. Katika nyumba hii kiraka cha kati ndicho kilichokuwa kizuri, lakini kijiji cha pili huenda kikawa kingine, maana vichuguu havifanani.

Nyufa tunazihesabu kuwa adui si kwa ajili ya uzuri tu. Katika nyufa za kuta na sakafu za udongo hukaa papasi, mdudu mfano wa kupe, ambaye mchana hujificha na usiku hutoka kunyonya damu ya aliyelala, na huleta homa irudiayo rudiayo. Ukuta uliosiribwa vema na sakafu ngumu humnyima nyumba.

Hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita tulitaka kuufanya ukuta wetu wa udongo uonekane kama wa tofali, tukaupaka saruji juu yake. Fundi tuliyemwita hakutukataza, na sisi hatukumuuliza mtu mwingine. Kwa miezi sita ulipendeza. Masika ilipokuja, udongo ndani ukavimba na kunywea kama ilivyo tabia yake, saruji isiyojua kuvimba wala kunywea ikabaki peke yake, na usiku mmoja ikaporomoka kipande kizima kwa kishindo, tukadhani ni mwizi. Mifuko minne ya saruji ilizolewa kwa beleshi. Ukuta wa udongo husiribwa kwa udongo, na juu yake hupakwa chokaa. Chokaa hulowekwa usiku kucha, hutiwa chumvi konzi moja ili kisichafue nguo za watu, hupakwa chepesi mara mbili au tatu, na mwanga wa chumba huzidi papo hapo bila ya taa. Mfuko mmoja ulitosha kuta zote nne na ukabaki.

Saruji mahali pake ni sakafuni. Chumba hiki kina urefu wa futi 10 na upana wa futi 9. Baada ya kuondoa udongo wa juu, vijana walimwaga vipande vya tofali mbovu na changarawe, wakashindilia kwa gogo mpaka mguu ukikanyaga hausikii kuzama. Kisha ikamwagwa saruji iliyochanganywa na mchanga, karai moja kwa manne, unene wa inchi moja na kidogo. Mifuko 2 ilitosha. Saruji siku hizi haitoki mbali, kwani tangu mwaka 2015 kiko kiwanda kikubwa Mtwara; lakini wengi huipoteza kwa haraka. Sakafu ikisha kumwagwa yataka ifunikwe kwa majani au magunia yaliyolowa, imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Mtoto akipewa kazi hiyo aipenda. Binti wa miaka 10 ndiye aliyeifanya, wala hakuruhusu mtu kukanyaga.

Asiye na mifuko 2 ya saruji aweza kufanya sakafu ya udongo ulioshindiliwa na kusuguliwa kwa jiwe laini, na ikafaa. Wako wanaouliza habari ya kupaka sakafu samadi ya ng'ombe kama wafanyavyo wenzetu wa bara. Zamani samadi haikuwa rahisi kupatikana huku kusini kwa sababu ya ndorobo, ila tangu wafugaji wahamie mkoa wa Lindi yapatikana. Basi wajue kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu, samadi ya mnyama yeyote ni najisi, ijapokuwa maimamu Malik na Ahmad wameiona ya mnyama aliwaye kuwa tohara. Aliyekwisha kuipaka asivunje sakafu yake. Ikiwa imekauka, na atandike mkeka safi, asali juu yake. Bali anayeanza sasa, majani makavu yamtoshee.

Dirisha lilikuwa tundu la kupitisha kichwa cha mtoto. Fundi alilipanua kati ya nguzo mbili pasipo kukata hata moja, jambo tunalolisisitiza, maana nguzo ikikatwa paa hulala upande huo. Kizingiti chake cha chini aliweka futi 5 kutoka chini, ili upepo na mwanga viingie na macho ya wapita njia yasiingie. Akapigilia wavu wa mbu kwa ndani. Tena kulikuwa na mwanya kati ya ukuta na bati, unaozunguka chumba kizima. Huo watu huudharau, nao ndio mlango mkubwa wa mbu waletao malaria. Ulizibwa kwa udongo pande tatu, na upande wa nne ukaachwa wazi ukatiwa wavu, hewa ya moto ya chini ya bati ipate pa kutokea.

Mlango ulikuwa ndio gharama kubwa. Zamani mahali pake palining'inia gunia. Mbao zilinunuliwa Nachingwea mjini kwa muuzaji mwenye kibali, na katika hili twamsifu mwenye nyumba, kwa kuwa alipata mtu wa kumwuzia mbao za wizi kwa nusu ya bei. Misitu mingi ya huko ni mali ya vijiji kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mbao iliyokatwa bila ya idhini ni mali ya jirani zako wote. Mlango ulitiwa bawaba tatu, na komeo la kufungia kwa ndani. Hilo komeo la ndani mama ndiye aliyelidai. Fundi alikuwa ametia la nje tu, kama la ghala.

Hesabu yenyewe tuliinakili katika daftari la shule la yule kijana wa miaka 14, aliyewekwa kuwa karani wa baba yake. Saruji mifuko 2, shilingi 34,000. Chokaa mfuko mmoja, 8,000. Mbao za mlango na fremu pamoja na kazi ya fundi seremala, 75,000. Bawaba, komeo na misumari, 14,000. Wavu, 9,000. Fundi wa sakafu na dirisha, 30,000. Kamba za katani za vitanda, 10,000. Chakula cha jirani waliokuja kukanda udongo na kusiriba kwa siku mbili, 22,000. Jumla 202,000, na zilizobaki zikawa sare za shule. Udongo, mchanga, majani na changarawe havikununuliwa. Kazi ilifanywa mwezi wa Agosti, mvua zikiwa mbali na mikono ikiwa haijaitwa mikorosho. Afanyaye kazi ya udongo mwezi wa Desemba hujitafutia huzuni.

Kadhalika zilitumika fedha zilizokuwa mkononi tu. Mwenye nyumba alikuwa amefundishwa na msimu wa 2018, wakati wakulima walipokataa bei ya wanunuzi, na Serikali tarehe 12 Novemba ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Bei ilifurahisha, lakini wako waliongoja malipo yao miezi mingi, na wengine walikuwa wamekwisha kukopa juu ya fedha hizo kabla hazijafika.

Vyombo vya chumba havikununuliwa. Vitanda viwili vya zamani, vile viitwavyo kwa mzaha "teremka tukaze", vilitiwa kamba mpya. Vyandarua vilikuwapo, kwani katika mikoa ya kusini wanafunzi wamekuwa wakigawiwa shuleni tangu mwaka 2013. Vilikuwa vimekunjwa tu, kwa kuwa chumba cha watu wanne hakikuwa na mahali pa kuvitundika. Mapazia mama aliyashona kwa shuka mbili zilizochakaa katikati, akatumia kando zake. Baba alimwambia kwa utani kwamba amekuwa fundi wa vitambaa vikuukuu. Sisi tulimkumbusha habari ya Bibi Aisha, r.a., aliyekuwa na pazia lenye picha ambalo Mtume, s.a.w., hakuliridhia, hakulitupa, alilikata akalifanya mito ya kuegemea, na Mtume akaitumia. Nyumba hiyo, ambayo kila Mwislamu ataka kuizuru, ilikuwa ya vyumba vya tofali mbichi na makuti ya mtende. Hasan al-Basri amesimulia kwamba alipokuwa kijana, katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, alikuwa akiingia katika vyumba hivyo na kuigusa dari kwa mkono wake. Na Bibi Aisha mwenyewe ameeleza kwamba usiku Mtume akisali chumbani, yeye akiwa amelala mbele yake, alipotaka kusujudu alimgusa mguu naye akaikunja miguu yake apate nafasi. Ufinyu wa chumba haukumzuia mtu kupata heshima yake ndani yake.

Washenga walikuja mwezi wa Septemba, siku ya Jumapili. Walikuwa wanaume watano na wanawake watatu. Wanaume waliketi barazani juu ya mikeka iliyofuliwa, chini ya mwembe, na mwenye nyumba atuambia kwamba kwa saa ya kwanza hakusikia neno walilosema kwa kuwatazama magoti yao. Ilipoingia adhuhuri wale wanawake waliuliza mahali pa kusalia. Mama aliwapeleka chumba cha mabinti, chenye sakafu safi na komeo la ndani, na mikeka miwili ikatandikwa. Walikawia humo kuliko inavyotakiwa kwa rakaa nne. Walipotoka, mkubwa wao alimwuliza mama ni nani aliyesiriba kuta zile, naye akaambiwa. Akauliza tena habari ya ule udongo na mchanga, kiasi gani kwa kiasi gani. Mahari ilizungumzwa baadaye, na habari yake haituhusu.

Kijana wa miaka 14 na mdogo wake sasa wana chumba cha zamani peke yao, nao wamekijaza mpira na nyaya za redio. Chumba cha mabinti bado hakina dari, na saa nane mchana bati lake lachoma. Mwenye nyumba ataka kufuma ya mianzi korosho zikisha kulipwa. Jioni tuliyoagana nao, kabla ya magharibi, tulimwona amesimama mbele ya mlango mpya akipiga hodi. Panga lake lilikuwa limesahauliwa humo, juu ya pau, tangu siku za ghala.

"Subiri kidogo, baba," ilisema sauti ya ndani, "tunavaa."

Akaenda akaketi kwenye kinu, akangoja.